Nyumba Mpya na Macho ya Ukutani

Ewe ndugu msomaji, na wewe dada uliye nyumbani, wazee wetu wa pwani walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walisema hivyo nao wana milango ya nakshi ambayo hata leo wageni huja kutoka nchi za mbali kuipiga picha, na juu ya fakhari yote hiyo hawakukubali mlango uwe ndio hukumu ya nyumba. Katika makala haya nataka nikuingize ndani ya nyumba moja ambayo bado haijahamiwa, imesimama kuta na paa tu. Sitakuonyesha sakafu yake wala dari yake. Nitakuonyesha yatakayotiwa ndani ya kuta zake, kwa sababu siku hizi hayo ndiyo yanayoamua watu wataishi vipi, na hapana ayatazamaye ila fundi.

Kijana mmoja niliyemsomesha chuoni zamani, ambaye sasa anafanya kazi Maskati, anajenga nyumba ya ghorofa moja kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Aliniletea katika simu ramani yake, pamoja na orodha ya kurasa nne ya mitambo anayokusudia kuitia kabla ya watu kuhamia. "Maalim," akaniambia, "itazame, uniambie kama pana lisilofaa." Nimemwomba idhini niizungumze hapa bila ya kumtaja jina, naye ameridhia, kwa kuwa wenzake wengi wanajenga kwa mtindo huo huo. Basi nimeisoma orodha hiyo kama nisomavyo kitabu. Nimetazama imesema nini, imeandikwa kwa ajili ya nani, na imenyamaza wapi.

Kwanza yafaa tujue jambo lenyewe ni nini, maana wengi wetu twalisikia kwa jina tu. Nyumba ya namna hii ni ile ambayo taa zake, kufuli zake, feni, mashine za baridi, mapazia na pampu ya maji vimetiwa kila kimoja redio ndogo, na vyote vinasikilizana na kisanduku kimoja kilichowekwa pembeni. Mwenye nyumba huviamrisha kwa simu akiwa popote ulimwenguni, au huvipangia saa, au huvitamkia kwa mdomo. Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja sana. Katika mingi ya mitambo iuzwayo madukani, amri haitoki kwa mtu ikaenda moja kwa moja kwenye taa. Mtu husema ukumbini kwake Mombasa, "Washa taa," sauti yake ikachukuliwa na intaneti hata kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo, ikafahamiwa huko, kisha amri ikarudi kuwasha taa iliyo hatua tatu mbele yake. Yote hayo hupita kabla hajapepesa jicho mara mbili, ndiyo maana mtu hadhani kuwa neno lake limesafiri.

Wako watakaosema kuwa haya yote ni bidaa, na kwamba nyumba ya Muislamu haihitaji ila kibatari na mtungi. Maneno hayo siyapokei. Katika karne ya tisa ya Miladi, Baghdad, ndugu watatu wajulikanao kwa jina la Banu Musa walitunga kitabu kizima cha hila za mitambo, kina vyombo kama mia moja vinavyojiendesha kwa maji na kwa hewa. Baada yao akaja Al-Jazari, fundi wa wafalme wa Diyarbakir, akamaliza kitabu chake mwaka 1206. Mfalme wake hakupenda kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi, akamtaka amfanyie kitu badala yake, naye akatengeneza chombo kimiminacho maji chenyewe. Katika kisa hiki mimi napenda jambo moja, nalo ni kuwa haja ilitangulia na mtambo ukafuata. Palikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na dhiki yake, ndipo ikatafutwa dawa. Kwa hivyo Wazungu hawakuanza wao. Mhandisi Sutherland wa Pittsburgh alijitengenezea kompyuta ya kuendeshea nyumba yake mwaka 1966, na mwaka 1975 kampuni moja ya Scotland ikatoa X10, mtambo wa kupitisha amri za taa katika nyaya zile zile za umeme. Tangu hapo jambo likazidi kukua hata likafika mikononi mwa kijana wetu.

Basi niyataje mema ya orodha yake, nayo si machache. Ametia taa ndogo za chini ya ukuta kutoka kitandani kwa mama yake hata chooni, ziwakazo zenyewe mtu akitia mguu sakafuni usiku. Hii ni rehema. Wazee wangapi tumewapoteza, au wamevunjika nyonga wakalala kitandani miaka, kwa sababu ya kutafuta swichi gizani? Ametia kengele ya gesi jikoni, ipigayo kelele mtungi ukivuja. Ametia boya la umeme katika tangi la juu, pampu ijizime maji yakijaa. Sisi twajua vizuri maji ya mji wetu jinsi yajavyo kwa zamu, na twajua aibu ya kuyaacha yakamwagika barabarani na hali jirani ana ndoo tupu. Mambo matatu haya kila moja lina mtu wake na haja yake. Al-Jazari mwenyewe angeyatia mkono.

Lakini tukifika ukurasa wa tatu mambo yanageuka. Hapo pameandikwa kamera, nazo ni nane. Mbili ni za lango na ua, moja ya baraza, hizo nitazirudia. Tano zilizobaki zi ndani. Iko ya ukumbini, ya jikoni, ya penye ngazi, ya ushoroba wa vyumba vya kulala, na ya chumbani mwa mama yake. Katika nyumba hiyo wataishi mama yake, ambaye ni mtu mzima sana, na mkewe, na mabinti zake wawili, na msichana anayewasaidia kazi. Mwenye nyumba hatakuwamo ila mwezi mmoja katika mwaka. Yaani hii ni nyumba ya wanawake watano, nayo itatazamwa usiku na mchana na mtu aliye Maskati, akiwa kazini, akiwa ndani ya basi, akiwa amekaa na wenziwe wanakunywa kahawa.

Nikamwuliza, "Mkeo amesemaje juu ya hizi?"

Akanijibu, "Sijamwonyesha bado, Maalim. Atazoea."

Msomaji wangu, neno hilo "atazoea" ndilo lililonifanya nikamate kalamu. Wala sitaki umdhanie vibaya kijana yule. Ana mapenzi, ana khofu ya aliye mbali. Mama yake alianguka mwaka uliopita akakaa chini hata alasiri kabla ya kuonekana, na tangu siku hiyo mwanawe halali. Mtu aliyekaa ugenini anajua usiku wa namna hiyo. Lakini kuifahamu khofu ya mtu si kuikubalia kila ilitakalo, na khofu ikiachiwa kuchora ramani huchora jela.

Tukitazama tulivyofunzwa, sote twaijua adabu ya hodi, kwamba mtu hubisha mara tatu, asipoitikiwa akarudi bila ya kinyongo. Msingi wake umo katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28. Lakini sura hiyo hiyo, mbele kidogo katika aya ya 58, ina hukumu ambayo twaisoma sana na kuifikiri kidogo. Huko idhini inatakiwa hata kwa walio ndani ya nyumba moja, watumishi na watoto wasiobaleghe, katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Hebu lifikiri jambo hili. Mtoto mdogo, wa damu yako, alalaye chini ya paa lako, ameambiwa asiingie kwako nyakati hizo ila kwa ruhusa. Kamera ya ushorobani haijui alfajiri wala adhuhuri. Haina wakati wa kufumba. Na jicho lililo nyuma yake si la mtoto.

Tena imepokewa katika hadithi sahihi kuwa mtu mmoja alichungulia kwa tundu ya mlango katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana kichanio mkononi, akamkemea kwa ukali mkubwa, na akaeleza kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Fahamu maana yake. Sheria haikuogopa miguu ya mtu kukanyaga sakafu yako. Imeogopa jicho. Basi mtu asiseme, "Mimi sikuingia, nimetazama tu katika simu."

Kijana akanijibu jawabu ambalo huenda nawe umelifikiri: "Lakini Maalim, ni mke wangu na mama yangu na wanangu. Mimi si ajnabi kwao." Nikamwambia kweli, wewe si ajnabi kwao. Je, yule msichana wa kazi ni nani wako? Na mke wa jirani ajapo alasiri, akavua buibui ukumbini akatundika, akakaa kifua wazi kumnyonyesha mwanawe kwa sababu anajua kuwa nyumba hii haina mwanamume? Na mashemeji wa kike wajapo kufumana nywele? Kila mmoja wao ameingia kwa itikadi kuwa hapana ila wanawake, nawe umo ndani, umekaa kimya katika pembe ya dari. Ungekuwa umejificha nyuma ya pazia, watu wangekuitaje? Aliposikia hayo alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

Tena hakuna hakika kuwa atazamaye ni yeye peke yake. Mwezi wa Mei mwaka 2023, shirika la serikali ya Marekani linalolinda haki za wanunuzi liliishtaki kampuni ya Ring, iuzayo kamera za nyumbani, kwamba iliwaachia wafanya kazi wake waone picha za ndani ya nyumba za watu. Mfanya kazi mmoja alitazama maelfu ya picha za wanawake, zilizopigwa vyumbani mwa kulala na bafuni. Kampuni ikakubali kutoa dola milioni 5.8. Wakati huo huo Amazon, ambayo ndiyo mwenye Ring, ikakubali kutoa dola milioni 25 kwa jambo la sauti za watoto zilizohifadhiwa na ule mtambo wake wa kusemeshwa, Alexa. Katika orodha ya kijana wetu mitambo ya kusemeshwa ni minne, na mmoja umepangiwa chumba cha mabinti.

Sasa nataka nikutoe katika nyumba hiyo kwa kitambo kidogo nikupeleke Lamu, katika nyumba za mawe za mji wa zamani, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Sikupeleki kwa ajili ya kusifu ya kale. Nakupeleka kwa sababu zile nazo zilikuwa nyumba za kujiendesha, ila mtambo wake ulikuwa ni ramani yenyewe. Mtu akitoka njiani hufikia kwanza daka, penye viti vya mawe kwa pande zote mbili, na hapo watu wa nje hukaa na kuzungumza bila ya kuwa wameingia kwa mtu. Akikaribishwa huingia tekani, na njia hupinda, hata mlango ukiwa wazi mpita njia haoni kitu ila ukuta. Mgeni wa kiume ana chumba chake, sabule, ambacho hakifiki kwa wenyewe. Kisha ndipo kuna kiwanda kilicho wazi juu, chenye jua na hewa, na baada yake msana, na msana wa pili, kisha ndani, na sakafu hupanda kidogo kidogo kwa kila hatua ya kuelekea ndani. Mtu huhisi kwa mguu wake kuwa sasa anaingia pasipokuwa pake. Hapana aliyemwambia. Nyumba ndiyo iliyomwambia.

Tazama hata choo. Katika birika la maji walitia samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajenga bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wasife. Huo ni mtambo wa kuua mbu ambao hautaki umeme wala fundi kutoka mjini, na mimi nauona bora kuliko mingi niliyoisoma katika kurasa zile nne.

Sisemi kuwa nyumba za Lamu hazikuwa na ila. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko zina urefu wake haziupiti, na watumwa walikuwa na sehemu zao ambazo leo hatuwezi kuzisifu. Lakini mjenzi wa nyumba ile alijiuliza swali moja kabla ya kutia jiwe, nalo ni nani atamwona nani. Mwandishi wa orodha yetu hakujiuliza. Yeye amejiuliza ataona nini.

Iko hadithi fupi ya Mmarekani Ray Bradbury, aliyoitoa mwaka 1950, iitwayo "There Will Come Soft Rains". Naitaja kwa sababu ni hadithi ya nyumba ya namna hii hii, na tarehe iliyowekwa katika kitabu ni Agosti 2026. Nyumba inaamka asubuhi, inatangaza saa, inapika chakula, inatoa panya wa mitambo wafagie sakafu, inajaza maji ya kuoga. Watu wenyewe hawapo. Bomu la atomiki limewaunguza, na vivuli vyao vimebaki vimechorwa katika ukuta wa nje, baba na mama na watoto wawili. Nyumba haijui.

Wengi huisoma hadithi hii kuwa ni lawama juu ya mitambo, nami naona hawaisomi vizuri. Mitambo haikumwua mtu. Bomu liliua, na bomu lilitupwa na watu. Mwandishi ameonyesha jambo dogo kuliko hilo, na kwangu mimi ndilo la kutisha zaidi. Nyumba ile ina hodi yake. Mbweha au paka akikaribia humwuliza nani wewe, na asipojibu hufunga madirisha. Basi wageni inawajua kuwa ni wageni, lakini wenyewe haikuwajua kuwa wamekufa. Iliwapikia maiti, na ikamwaga maji siku nyingi kuwaogesha wasiokuwapo, hata moto ulipotokea yale maji ya akiba yalikuwa yamekwisha. Bradbury amefaulu hapo kwa kuwa hakuhubiri. Ametaja maji yalivyokwisha, akaendelea. Ila lake, kwa maoni yangu, ni kuwa watu wa nyumba ile hatuwajui hata kidogo walipokuwa hai, kwa hivyo hatujui kama waliipenda nyumba yao au waliizoea tu.

Hilo la maji linanirudisha katika jambo la nani mwenye nguvu. Nyumba ya kijana wetu imepangiwa kufuli za umeme katika milango saba, na katika orodha sikuona pahali pa ufunguo. Nadhani wasomaji wa Unguja watanifahamu upesi. Mwezi wa Mei 2008 umeme wa kisiwa ulikatika karibu wiki nne, na ukakatika tena Disemba 2009 hata Machi 2010, miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu za njia iliyokuwa ikileta umeme kutoka bara wakati huo. Betri gani ya kufuli ingengoja miezi mitatu? Na intaneti nayo tarehe 12 Mei 2024 ilidhoofika Tanzania na Kenya na nchi za jirani baada ya nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, kukatika. Siku hiyo aliye Maskati na ana ufunguo wa mamaye katika simu angefanya nini?

Hata umeme ukiwapo na intaneti ikiwapo, kampuni yenyewe yaweza kuondoka. Wako walionunua kisanduku cha kuendeshea nyumba kiitwacho Revolv. Kampuni yake ikanunuliwa na nyingine mwaka 2014, na Mei 2016 huduma ikafungwa, visanduku vikawa vipande vya plastiki. Na wenye mitambo ya Insteon waliamka siku moja mwezi wa Aprili 2022 wakakuta seva za kampuni zimezimwa bila ya ilani, na baadaye baadhi ya wateja wenyewe wakainunua wakaifufua. Mlango wa mwembe hauzimwi na mtu aliye California.

Basi nilimwandikia kijana maoni yangu, na sehemu kubwa ameikubali baada ya kubishana, maana ana kichwa kigumu tangu chuoni. Kamera tano za ndani ameziondoa zote. Ya chumbani mwa mama yake ndiyo iliyotupa taabu, kwa ajili ya ile khofu yake, na hapo nilimwambia amwulize mama mwenyewe. Mama akasema hataki kutazamwa akilala, lakini atavaa kitufe shingoni akibonyeze akianguka. Kitufe hicho kipo, kinauzwa, na hakina jicho. Mitambo ya kusemeshwa minne imebaki mmoja, ukumbini, wenye swichi ya kuuzima kabisa. Kufuli za umeme zimebaki mbili, nazo zina tundu la ufunguo wa chuma.

Kamera za nje hazina ubaya kwa asili yake, wezi wapo. Lakini ya uani ilikuwa imeinuliwa juu ya ukuta hata inaona ua wa jirani, ambako watu huanika nguo na kuosha watoto. Jirani ana haki katika jambo hili kuliko mwizi. Imeshushwa chini ya usawa wa ukuta. Ile ya baraza nilimwambia aitoe, naye hajakubali. Anasema vijana hukaa hapo usiku. Nikamwambia baraza ni la kukaliwa.

Kuhusu nyaya, niliyoyapata kwa fundi wa umeme ni haya, nami nawaandikia wajengao ili wasije kubomoa. Taa za kujiendesha na swichi zake nyingi hutaka waya wa nyutro ndani ya kisanduku cha swichi, na nyumba zetu, kwa kuwa zafuata utaratibu wa Kiingereza wa zamani, mara nyingi hazina waya huo hapo. Huishia darini kwenye taa. Mwambie fundi aushushe sasa. Kadhalika atie paipu tupu, pana kuliko zile aonazo zinatosha, kutoka kila chumba hata kwenye kabati moja la kati, na waya wa mtandao katika kila chumba, maana kilichounganishwa kwa waya hakimtangazii jirani wala hakitegemei redio. Na mtu akiweza, achague mitambo inayofanya kazi na kisanduku cha ndani ya nyumba bila ya kwenda ng'ambo. Ipo, ya namna nyingi, na bei yake si ya kutisha. Paipu tupu ni rahisi kuliko mtambo wowote, nayo inamwachia mwanao khiari ya kutia atakalo miaka ishirini ijayo.

Limebaki moja. Kijana alipompelekea mkewe orodha ile hatimaye, kwa kusukumwa na mimi, mkewe hakugombana. Alimrudishia karatasi yenye mambo matatu kwa mkono wake. Alitaka mfereji wa chini penye kutilia udhu kwa mama mkwe. Alitaka taa ya ngazi. Na alitaka kengele, kwa sababu jiko limewekwa nyuma kabisa, na madirisha yake yafungwa kwa ajili ya mashine ya baridi, na mtu akipiga hodi mlangoni hatasikiwa, atadhani amekataliwa akaenda zake. Katika kurasa nne za mitambo, kengele ya jikoni haikuwamo. Yataka waya mmoja tu, na fundi amesema ataupitisha kabla ya kupiga lipu.